Wanaume Wawili, Kamba Moja

Januari 1929, kijana wa miaka 21 aliyekuwa amekuja Kenya kujifunza ukulima wa kahawa alifika kilele cha Batian, sehemu ya juu kabisa ya Mlima Kenya. Jina lake Eric Shipton. Alikuwa na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni. Tangu Halford Mackinder na waongozaji wake wawili wa Kiitaliano wafike pale mwaka 1899, hapakuwa na aliyefaulu tena, kwa hiyo habari ikaenea. Kule Sotik mlowezi mmoja mkimya, Harold William Tilman, ambaye wenzake walimwita Bill, aliipata habari hiyo, akamwandikia kijana huyo barua kuhusu kupanda milima.

Barua hiyo ilizaa urafiki wa miaka 47. Uliwapeleka wanaume hao Kilimanjaro, Ruwenzori, Himalaya na mipakani mwa Uchina, ukapita katikati ya vita, ndoa, talaka na kufukuzwa kazi, na ukakatizwa na mauti tu, yaliyowachukua wote wawili mwaka mmoja, 1977. Nimekuwa nikiusoma urafiki huu kwa muda mrefu, na kadiri umri wangu unavyosogea ndivyo unavyonigusa zaidi. Wanaume wa rika langu tumepoteza marafiki wengi walio hai. Hatukugombana nao. Tuna namba zao za simu, tumo nao katika makundi ya WhatsApp, tunachanga nao pesa za matanga na harusi za watoto. Tukikutana ni kwenye mazishi, tunashikana mikono kwa nguvu, tunaambiana "tutafutane", kisha kila mmoja anaingia gari lake. Mwaka unapita.

Tilman na Shipton hawakuwa watu wa kufanana. Tilman alizaliwa mwaka 1898 Wallasey, Uingereza, akapelekwa kwenye mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza akiwa bado kijana mdogo, akatoka huko na nishani ya ushujaa aliyotunukiwa mara mbili. Mwaka 1919 alipata shamba Kenya kwa bahati nasibu waliyochezeshwa askari wa zamani wa Kizungu. Ardhi yenyewe ilikuwa katika nchi ya Wakipsigis, ambao hawakuulizwa lolote, na jambo hilo halifai kupitwa kimya hata katika makala ya urafiki. Kwa miaka kumi alikata msitu, akalima, akapanda kahawa, akiongea kidogo na kusoma sana. Shipton alizaliwa Ceylon mwaka 1907. Alikuwa mchangamfu, mpenda mazungumzo na mpenda wanawake, na shuleni maandishi yalimpa taabu kubwa.

Walipokwenda Kilimanjaro mapema mwaka 1930, mmoja alikuwa na miaka 32 na mwingine 22. Mkubwa ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Kamba na mwamba Tilman alivijua kidogo mno, na Shipton, aliyekwisha kupanda milima ya Alps, ndiye aliyekuwa akitangulia. Sisi tuliokulia kwenye jamii za marika tunajua uzito wa jambo hilo. Mwanaume aliyekwisha kuzoea kuheshimiwa, mwenye shamba lake na nishani zake, kukubali kuwekewa mguu mahali pa kukanyaga na mtoto wa juzi, si jambo dogo. Walipanda Kibo katika theluji laini na ukungu, wakiugua kwa hewa nyepesi, kisha wakahamia Mawenzi, mwamba mkali uliochongoka, wenye urefu wa mita 5,149. Waliporudi, Tilman alikuwa amepata kazi ya maisha yake yote.

Katikati ya mwaka huohuo walikwenda Mlima Kenya na kupanda Batian kwa ukingo wa magharibi, njia ambayo haikuwa imepandwa na mtu, wakavuka hadi kilele cha jirani, Nelion, na kushukia upande wa pili. Ukisimama leo chini ya ukingo huo na kuutazama, unajiuliza walikuwa na moyo gani. Safari hiyo ilikuwa na tukio jingine. Kwenye kilele kidogo kiitwacho Midget, wakati wa kushuka, Tilman aliteleza, akagonga kichwa na kubaki ananing'inia kambani amezirai. Shipton alikuwa juu yake, peke yake, akiwa na uzito wa mtu mzima mikononi na mwamba umelowa theluji. Alimshikilia, akamteremsha kidogo kidogo mpaka mahali pa kumlaza, akamfuata. Tilman alizinduka, na baada ya siku hiyo hakuna aliyehitaji kumwuliza mwenzake kama anaweza kumtegemea.

Januari 1932 wakaenda Ruwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Waliofika huko wanajua kwamba adui mkubwa wa milima hiyo ni tope. Unakanyaga ukoka ukidhani ni ardhi, mguu unazama hadi gotini. Unashika mti, mti umeoza. Mvua inanyesha, na isiponyesha ukungu unalowesha vilevile. Walipanda hadi Margherita, mita 5,109, na vilele vya Speke na Baker pia, huku mizigo ikibebwa na Wakonjo, wenyeji wa miteremko hiyo, ambao katika vitabu vya enzi zile hutajwa kwa kabila tu, majina hakuna. Kisha maisha yakawatawanya. Shipton aliitwa kwenye msafara wa Everest wa mwaka 1933. Tilman alijaribu bahati yake kwenye dhahabu ya Kakamega, hakuambulia kitu cha maana, akaamua kurudi kwao. Alinunua baiskeli, akaiendesha kutoka Uganda hadi pwani ya Atlantiki kule Kamerun, akila ndizi na alichouziwa vijijini, akilala alipokutwa na giza.

Hapa ndipo urafiki mwingi wa wanaume huishia. Mmoja amepata umaarufu, mwingine hana kazi. Mmoja yuko huku, mwingine kule. Mapema mwaka 1934 Tilman alimwandikia Shipton akipendekeza wakapande vilima vya kaskazini mwa Uingereza kwa majuma mawili. Shipton akamjibu kwa pendekezo lake: miezi saba Himalaya. Tilman akakubali.

Lengo lao lilikuwa Nanda Devi, mlima wa mita 7,816 uliozungukwa na ukuta wa milima mingine pande zote, wenye mwanya mmoja tu ambamo mto Rishi Ganga hutokea. Watu wenye uzoefu walikuwa wamejaribu kuingia ndani ya duara hilo kwa miaka hamsini na kushindwa. Misafara ya siku zile ilikuwa na mamia ya wapagazi, na iligharimu maelfu ya pauni. Shipton na Tilman walitumia takribani pauni 143 kila mmoja, nauli ya meli ikiwemo. Walichukua Masherpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang, wakala chakula kilekile walichokula wenzao hao, wakabeba mizigo pamoja nao, na nguo za kubadili walikuwa nazo chache mno. Kwenye korongo la Rishi waliambaa magengeni juu ya maji yanayonguruma, wakirudi nyuma mara nyingi kutafuta pa kupitia, mpaka wakatokea kwenye malisho ya kijani ambayo hakuna mtu aliyejulikana kuwahi kuyakanyaga. Baadaye msimu uleule, wakivuka kutoka Badrinath kwenda upande wa Kedarnath, chakula kiliwaishia wakiwa ndani ya msitu mnene kwenye mvua za monsuni, wakaishi kwa machipukizi ya mianzi waliyogombania na dubu.

Ang Tharkay anastahili kutajwa zaidi ya hapo. Alisafiri na Shipton kwa karibu miaka ishirini, kuanzia Everest ya 1933 hadi uchunguzi wa Everest wa 1951, na katikati yake ndiye aliyewaongoza Masherpa kwenye msafara wa Wafaransa uliopanda Annapurna mwaka 1950. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba walikuwa Waingereza wawili peke yao mlimani. Walikuwa watano. Naamini urafiki wa wale wawili ulipata nafasi ya kupumua kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kuwasha moto kwa kuni mbichi, kuvuka mto uliofurika na kucheka wakati wa njaa.

Kuna kisa kimoja ambacho Shipton mwenyewe alikisimulia. Baada ya kuishi kwa miezi hema moja, wakila chungu kimoja, bado walikuwa wanaitana kwa majina ya ukoo, kama makarani ofisini. Siku moja Shipton alimwuliza mwenzake kwa nini asimwite Eric. Tilman aliona haya, akainamisha kichwa, akasema ni kwa sababu jina hilo linasikika kipuuzi mno. Wasomaji wengi hukicheka kisa hiki. Mimi hunihuzunisha kidogo na kunifariji zaidi. Mwanaume huyu alikuwa tayari kumfuata mwenzake kwenye genge la kifo, lakini kumwita kwa jina lake kulimshinda. Wangapi kati yetu tuko hivyohivyo? Baba zetu walitupenda na hawakutuambia. Marafiki zetu vivyo hivyo. Tukikalishwa ana kwa ana mezani na kutakiwa tuseme yaliyomo moyoni, tunageukia siasa na mpira.

Tukiwa njiani ndipo ulimi hulegea. Nililishuhudia hilo kwenye mlima uleule wa Shipton na Tilman. Ukipandia lango la Sirimon upande wa Nanyuki, unalala Old Moses, kisha unafuata bonde la Mackinder hadi kambi iitwayo Shipton's, kwenye mita 4,200, chini kabisa ya uso wa kaskazini wa Batian. Nilikuwa na wenzangu tuliosoma pamoja shule ya upili, wote tumekwisha kuota mvi. Jua lilipozama baridi iliingia ghafla. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi jikoni, tukimenya viazi, kwa sababu maharagwe kwenye mwinuko ule huchemka mpaka gesi ikakuishia na bado yanagonga meno. Mmoja wetu, mtu wa maneno machache, alikuwa akimenya kiazi kwa kisu kidogo cha mpini mwekundu, vidole vimekakamaa. Bila kuinua macho akasema kwamba ameachishwa kazi tangu Machi, na kila asubuhi huvaa suti na kutoka kama kawaida, kwa kuwa nyumbani hajamwambia mtu.

Hakuna aliyedakia. Kiazi kilimalizika, akachukua kingine. Kisha mkubwa wetu, aliyekuwa akikoroga sufuria, akamwambia, "Tukishuka tunafika kwako sote. Utamwambia mama watoto sisi tukiwa sebuleni." Akaitikia kwa kichwa. Tukala. Saa tisa usiku tukaamshwa tuanze kupanda kilele cha Lenana, na sote tulifika, yeye akiwa mbele. Tuliposhuka, tulikwenda kwake kama ilivyosemwa.

Mtu huyu tulikuwa tumeonana naye mara kadhaa tangu mwezi huo wa Machi, kwenye hafla na vikao vya chama chetu, akitoa mchango wake kamili. Hatukujua. Angetwambia wapi? Kikaoni kuna ajenda, harusini kuna muziki, baa kuna televisheni. Safari ya miguu ina saa nyingi zisizo na kazi nyingine ila kutembea mkiangalia mbele, na mwanaume huongea vizuri zaidi asipoangaliwa usoni.

Wazee wetu waliyajua haya kabla ya mlowezi yeyote kufika. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unahusishwa na njia za misafara zilizoshuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo, ambako wapagazi walitembea kwa miezi katikati ya watu wasiokuwa ndugu zao. Mtani wako alikuwa na ruhusa ya kukukejeli hadharani na kuchukua kitu chako, na ulipokufa ugenini ndiye aliyekushughulikia mazishi. Wakikuyu wana riika na Wakalenjin wana ibinda: vijana waliopashwa tohara pamoja hufungwa pamoja maisha yao yote. Miji imeyalegeza hayo, na mahali pake tumeweka kundi la simu.

Mlima Kenya una kisa kingine ninachokipenda. Januari 1943 Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini ili wapande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia waya. Vifaa walikuwa wamevitengeneza wenyewe kwa siri. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian wakashindwa, wakafika Lenana na kusimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao na kupokea adhabu. Barsotti ndiye anayenivutia. Hakuwa mpanda milima na alikuwa mgonjwa. Alikwenda vivyo hivyo, akabaki kwenye hema akiwasubiri wenzake. Kundi lolote la wanaume lina Barsotti wake, na kundi linalomwacha nyumbani kwa sababu atawachelewesha halijaelewa kwa nini linasafiri.

Miaka ya utu uzima iliwapiga sana Shipton na Tilman. Mwaka 1936 Tilman alipanda Nanda Devi yenyewe na Noel Odell, kilele kirefu kuliko vyote vilivyokuwa vimefikiwa na binadamu hadi 1950, na Shipton hakuwepo, alikuwa Everest. Mwaka uliofuata walikuwa pamoja tena, wakipima ramani ya Shaksgam nyuma ya K2. Vita ilipokuja, Tilman alirudi jeshini akiwa na miaka zaidi ya arobaini na kuruka kwa mwavuli kwenda kupigana pamoja na wanamgambo wa Albania na kaskazini mwa Italia. Baada ya vita Shipton alikuwa konseli Kashgar, ndani ya Uchina, na sasa alikuwa na mke, Diana. Mwaka 1947 Tilman alisafiri hadi huko. Walijaribu Muztagh Ata, mita 7,546, wakageuka karibu na kilele kwa baridi na upepo, na Shipton akaungua vidole vya miguu kwa barafu. Mwaka 1948 Tilman akaja tena. Sikiliza hilo vizuri: mmoja ameoa, ana cheo, ana mtoto, na rafiki aliyebaki kapera anavuka bara zima kuja kwake, na mke anamkaribisha. Wengi wetu tulipooa tuliwaacha makapera wetu, au walituacha, kana kwamba ndoa ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea.

Sitaki kuwafanya malaika. Safari zao zilikuwa na bei, na bei nyingine ililipwa na wasiokuwa safarini. Shipton alikuwa mbali na nyumbani mno, hakuwa mwaminifu katika ndoa, na ndoa ikavunjika katikati ya miaka ya hamsini, muda mfupi baada ya kunyang'anywa uongozi wa msafara wa Everest wa 1953, ule uliofika kileleni. Kwa muda alifanya kazi ya kibarua msituni. Tilman hakuoa kamwe. Nyumba yake ya Wales ilitunzwa na dada yake Adeline. Mwanaume anayekimbilia mlimani kila nyumbani panapokuwa pagumu anaondoka na matatizo yake begani. Wale wenzangu wanaoita safari kile kitendo cha kwenda hoteli ya Naivasha kulewa siku mbili bila mke kujua, nawaambia waziwazi kwamba hilo ni jambo jingine.

Baada ya 1948 hawakufunga tena kamba moja. Tilman alinunua jahazi la tanga, Mischief, akaanza kuzisaka barafu kwa njia ya bahari. Mwaka 1955 alikwenda Patagonia, akavuka uwanda wake wa barafu. Miaka michache baadaye Shipton, akiwa amepoteza karibu kila kitu, alikwenda Patagonia naye, na msimu wa 1960 kuingia 1961 akautembea uwanda huo kwa urefu kwa siku 52. Sehemu ileile ya dunia, kila mmoja kwa wakati wake.

Shipton alifariki kwa saratani Machi 1977, akiwa na miaka 69. Agosti mwaka huo Tilman, akiwa na miaka 79, aliondoka Uingereza kama baharia katika meli ndogo En Avant, chini ya nahodha kijana. Walitia nanga Rio de Janeiro, wakaondoka Novemba kuelekea visiwa vya Falkland, wasionekane tena.

Msomaji mwenzangu, huna haja ya Himalaya. Kama magoti yako yamechoka, kuna baiskeli na kuna tambarare. Kama pesa ni kidogo, kuna vilima vya Ngong, kuna Longonot, kuna Usambara kwa walio Tanga na Lushoto. Kinachotakiwa ni mtu mmoja au wawili, njia ndefu kiasi cha kuchosha, usiku mmoja angalau mbali na umeme, na wake zetu wakijua tuko wapi na tunarudi lini. Aliye mgonjwa aje abaki kambini. Asiye na nauli achangiwe, kama tunavyochanga akishakufa. Mlima Kenya hukauka Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Usiandike "tutafutane" kwenye kundi. Mpigie mtu mmoja kwa jina lake, leo, umtajie tarehe.